Wingi wa Viti na Vitabu vya Hesabu: Kigoma Ujiji, 1994 hadi 2020

Kibirizi ni moja ya kata 19 za Manispaa ya Kigoma Ujiji, na mwalo wake unaonyesha kazi ya serikali za mitaa waziwazi kuliko ukumbi wowote wa mikutano. Asubuhi vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, hurudi kutoka Ziwa Tanganyika taa zikiwa zimezimwa, dagaa hushushwa na kupimwa kwa ndoo na beseni, wachuuzi hupatana bei wakiwa wamesimama majini, na kina mama huanza kuanika kabla jua halijapanda, wengine kwenye vichanja, wengine bado mchangani. Boti za abiria nazo hupakia watu na magunia kuelekea vijiji vya kaskazini, zikipita Gombe hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi. Kila hatua hapo ina malipo yake, na sehemu ndogo ya malipo hayo ni mali ya halmashauri. Kabla ya mashine za kielektroniki kuenea, ushuru wa namna hiyo uliandikwa nchi nzima kwenye vitabu vya stakabadhi vinavyojulikana kwa jina la HW5, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka baada ya mwaka, zimetaja halmashauri ambazo vitabu vyake havikuonekana wakaguzi walipovitaka. Nani anashika kitabu, nani anakikagua, na nani anaambiwa kilichomo: hayo ndiyo maswali ambayo watu waliochaguliwa kwa mara ya kwanza kuongoza baraza wanapaswa kuanza nayo. Kigoma imewahi kupata wingi mpya wa viti barazani, na yaliyoupata kati ya 2015 na 2020 yanaonyesha kwamba kazi ya kushika hesabu na kuzifungua inatangulia ahadi nyingine zote, hata zile ambazo wapiga kura wanazidai kwa sauti kubwa zaidi.

Wingi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mara tu vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Kigoma ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kumsumbua mwenye dola. Uchaguzi mdogo wa ubunge wa mwaka 1994 ulimshindanisha Azim Premji wa CCM na Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Premji akatangazwa mshindi, Kabourou akaenda mahakamani, na matokeo yakabatilishwa. Rufaa iliyofuata, ambayo imo katika ripoti za sheria za mwaka 1996, bado inasomwa na wanafunzi wa sheria. Miongoni mwa yaliyobishaniwa yalikuwa upendeleo wa Redio Tanzania katika matangazo ya kampeni na kazi ya kutengeneza barabara wakati kura zikitafutwa. Suala hilo la pili lina uzito wa pekee kwa hoja yetu. Mji uliosubiri barabara kwa miaka uliona vifaa vikija wakati wa kampeni, na mtu wa kawaida hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha kazi hiyo imepangwa lini, kwa fungu gani, na ingekwisha lini. Mwananchi asiyejua bajeti hana namna ya kutofautisha haki yake na zawadi.

Kabourou alikuja kuwa mbunge wa Kigoma Mjini. Mwaka 2005 Zitto Kabwe, akiwa na miaka 29, aliichukua Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, na mwaka 2010 mkoa ukawapa wapinzani majimbo matano kati ya manane, manne yakienda NCCR-Mageuzi: David Kafulila Kigoma Kusini, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini na Felix Mkosamali Muhambwe. Wabunge hawa walikuwa wachache mno Dodoma, lakini mwaka 2014 walionyesha uwezo wa mchache anayejua kusoma hesabu. Kafulila ndiye aliyelishikilia bungeni suala la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, na Zitto akaiongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliyoleta taarifa yake Novemba mwaka huo. Bunge lenye wingi mkubwa wa CCM lilipitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, akajiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa katika wizara ya ardhi; Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Nishati na Madini. Hakuna kura ya maandamano iliyofanya hayo. Ilikuwa taarifa ya ukaguzi, nyaraka za benki, na watu waliokaa kuzisoma.

Kwa hiyo Oktoba 2015, wapiga kura wa Kigoma Mjini walipomchagua Zitto kuwa mbunge kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, jimbo pekee ambalo chama hicho kipya kilipata nchi nzima, na madiwani wa chama hicho wakawa wengi barazani, na Hussein Ruhava akachaguliwa meya, mji ulikuwa na haki ya kutegemea kwamba maarifa ya Dodoma yangeshuka hadi kwenye mialo na masoko. Kabla ya kueleza yaliyofuata inafaa kukumbuka jinsi baraza lenyewe lilivyo taasisi changa na dhaifu katika historia ya ufuo huu.

Kutoza kulianza zamani sana kabla ya kuwakilisha. Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 alimkuta Kannena, mkuu wa Kawele, akidai hongo kwa wageni, na malalamiko yake juu ya madai hayo yamejaa kurasa nyingi. Kannena alikuwa anafanya walichofanya wakuu wote wa njia za misafara: aliyepitisha mali kwenye ardhi ya wenyewe alilipa. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, uzito wa biashara ulianza kuhama kutoka Ujiji kwenda bandari mpya, na mtozaji akawa ofisa wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza. Kisha ukaja wingi mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi: uchaguzi wa 1960, TANU ikipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Wingi huo ulileta uhuru katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache, ukaondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, ukaweka mfumo wa chama kimoja mwaka 1965. Ni kazi kubwa, na mengi yake yalistahili kufanywa. Lakini wingi usio na mtu wa nje wa kuukagua ulifika pia mahali pa kuvunja halmashauri: mwaka 1972 za wilaya zilifutwa kwa jina la Madaraka Mikoani, na za miji zikafuata. Za miji zilirudishwa kwa sheria ya 1978, na mfumo mzima ukajengwa upya kwa sheria za 1982 na halmashauri zilizoanza kazi mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa Kibirizi mwaka wa uhuru alikuwa mtu mzima kabla mji wake haujawa na baraza chini ya mfumo tulionao leo.

Na baraza hilo limefungwa mikono kwa namna ambayo mgombea huwa haitaji jukwaani. Mkurugenzi wa manispaa huteuliwa na Rais. Ndiye katibu wa baraza na ndiye afisa masuuli. Watendaji wakuu hawaajiriwi na madiwani. Mapato nayo hupunguzwa kutoka juu. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na wananchi walishangilia kwa sababu njema. Kodi ya majengo ilianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa fedha 2016/17, ada ya mabango ikafuata mwaka 2017, na mwaka huohuo ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula. Yaani baraza jipya la Kigoma Ujiji lilikuwa halijamaliza miaka miwili wakati vyanzo lililovikuta vilipoanza kuondolewa kimoja baada ya kingine. Mialo na masoko vikawa na uzito kuliko wakati wowote, kwa kuwa huko ndiko fedha ya ndani ilikobaki.

Sasa tuangalie kilichofanyika. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa moja ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizoingizwa kwa majaribio katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, ikiwa bega kwa bega na Paris, Madrid, Buenos Aires, Seoul na, kwa Afrika Mashariki, Kaunti ya Elgeyo-Marakwet ya Kenya. Kwa mji wa mwisho wa reli hii ilikuwa heshima kubwa, na ninaamini nia ilikuwa ya kweli. Tanzania yenyewe ilikuwa mwanachama tangu 2011. Lakini mwezi Juni 2017 serikali ilijiondoa katika mpango huo, na manispaa haikuweza kuendelea peke yake. Kisha Machi 2018 Rais John Magufuli alipopokea taarifa ya ukaguzi ya mwaka 2016/17 aliagiza wakurugenzi wa Kigoma Ujiji na Pangani waondolewe kazini kwa sababu ya hati chafu. Tazama mwaka wenyewe: 2016/17 ndio mwaka wa fedha wa kwanza ambao bajeti yake ilipitishwa na baraza lililochaguliwa 2015. Manispaa iliyotangaza uwazi mbele ya dunia ilikuwa, ndani ya miezi ileile, inatunza hesabu ambazo mkaguzi hakuweza kuziridhia.

Haki inataka kusema kwamba afisa masuuli alikuwa mkurugenzi, na si diwani yeyote, na kwamba udhaifu wa hesabu za Kigoma haukuanza siku madiwani wapya walipoapa. Lakini Kamati ya Fedha na Uongozi ya baraza hukutana kila mwezi, meya akiwa mwenyekiti. Mbele yake huletwa taarifa ya mapato na matumizi. Wajumbe wanaweza kuuliza mwalo fulani ulikusanya kiasi gani, vitabu vingapi vilitolewa na vingapi vimerudi, fedha iliingia benki siku ngapi baada ya kukusanywa. Kwa mawazo yangu hapa ndipo wingi mpya ulipokosea mpangilio. Uwazi ulianza kwa nje, kwenye mpango wa kimataifa wenye masharti na ratiba zake, wakati ulipaswa kuanzia ndani, kwenye daftari la mtoza ushuru. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maduka mengi ya Mwanga na Ujiji yanaendeshwa kwa kanuni hiyo kila siku.

Wapo watakaojibu kwamba haya ni madai makubwa mno kwa watu wasio na madaraka. Baraza haliwezi kumfukuza mkurugenzi, haliwezi kumwajiri mweka hazina, na waziri ana uwezo wa kuliingilia. Kenya inaonyesha tofauti: Elgeyo-Marakwet iliendelea na mpango uleule wa uwazi kwa sababu ugatuzi wake umewekwa na katiba ya 2010, yenye serikali za kaunti zinazochaguliwa na zinazojiajiria. Ibara za 145 na 146 za katiba yetu zinazitaja serikali za mitaa lakini zinaacha mengi kwa sheria za Bunge. Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na ndilo linaloniimarisha katika hoja yangu. Mtu asiye na uwezo wa kuajiri wala kufukuza amebakiwa na nini isipokuwa kuuliza, kuandika na kutangaza? Kazi hizo tatu hazihitaji kibali cha wizara. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa mwaka uleule wa 2016, nayo inampa mwananchi jibu ndani ya siku 30. Diwani ana haki zaidi ya hapo. Wafanyao siasa hulalamikia kufungwa mikono, na wana sababu, lakini macho hayakufungwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapiga kura wenyewe. Mama anayeanika dagaa hakupiga kura ili asomewe hesabu. Anataka maji safi, zahanati yenye dawa, vichanja na barabara isiyokatika masika. Wanaotetea matendo ya haraka hutoa mfano wa muungano wa NARC wa Kenya: iliposhika madaraka Desemba 2002, shule za msingi zikawa bure Januari, na mamilioni ya familia zikaona tofauti papo hapo. Mfano ni mzuri. Ila ule uamuzi ulitoka kwa serikali yenye hazina ya nchi na wafadhili waliokuwa tayari kuichangia. Baraza la manispaa halina hazina hiyo. Na NARC ileile iliahidi katiba mpya ndani ya siku 100, ikaikosa, na katiba ikapatikana Agosti 2010, baada ya damu ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Lililokuwa mikononi mwake lilifanyika. Lililotegemea maafikiano ya wengine lilikwama. Baraza la Kigoma linapaswa kujipima hivyohivyo, na kilicho mikononi mwake ni mapato ya ndani.

Tena yule mama ana fungu lake humo. Halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake na vijana, na tangu 2018 sheria imeweka wazi mgawo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Stakabadhi isiyoandikwa mwaloni inapunguza asilimia hiyo moja kwa moja. Kikundi cha wanawake wa Kibirizi kinachoomba mkopo wa kujenga vichanja kinaomba sehemu ya ushuru ambao wanachama wake wamelipa wenyewe, kwa hiyo kinastahili kujua jumla yake. Anayesema wananchi hawajali hesabu hajawahi kusikiliza mabishano ya kikundi cha kuweka na kukopa siku ya kugawana.

Wengine huhofia kwamba ukifungua vitabu unampa mpinzani wako fimbo. Tukio la Machi 2018 linaweza kuonekana kama uthibitisho: hati chafu ikawa fedheha ya mji mzima, na mwaka 2020 CCM ililichukua tena jimbo pamoja na baraza, katika uchaguzi ambao wapinzani waliukataa. Lakini fimbo ile ilitoka kwa mkaguzi, ambaye angekuja kwa vyovyote. Wingi uliotangulia kusema wenyewe, katika mwezi wa kwanza, kwamba vitabu tulivyovikuta vina upungufu huu na huu, ungekuwa na mstari ulioandikwa wa kutenganisha walichorithi na walichofanya. Republican walipoupata wingi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani Januari 1995, baada ya miaka 40 ya kuwa wachache, miongoni mwa maamuzi ya siku ya kwanza ilikuwa kuleta kampuni huru ya nje ikague hesabu za baraza lenyewe, na wakaguzi wakakuta vitabu vilivyovurugika kiasi cha kushindwa kutoa hati. Hakuna aliyewalaumu wao kwa uchafu huo. Walipokuja kuumia kisiasa mwishoni mwa mwaka huo, ni kwa sababu ya kuifunga serikali katika mvutano wa bajeti, jambo ambalo lilizidi nguvu zao.

Kuna sababu nyingine, na historia ya Kigoma inaisema kwa uchungu. Watu huondoka. Kabourou alijiunga na CCM mwaka 2006. Machali alihamia CCM na kuwa mkuu wa wilaya. Kafulila, baada ya kupitia CHADEMA, naye alihamia CCM, akawa katibu tawala wa mkoa na kisha mkuu wa mkoa. Si kazi ya makala haya kuwahukumu, na kila mmoja ana maelezo yake. Lakini mji uliojenga upinzani juu ya vipaji vya watu binafsi kwa miaka 25 umebaki na kipi mikononi baada ya vipaji hivyo kwenda kwingine? Kanuni ndogo inayotaka makusanyo ya kila mwalo yabandikwe kwenye ubao kila mwezi ingebaki kuwa sheria hadi mtu asimame hadharani kuifuta. Muhtasari wa kikao unaoonyesha diwani gani aliuliza nini kuhusu vitabu visivyorudi ungebaki kwenye jalada. Hivyo havihami chama.

Haja ya karatasi hizo imekuja kuonekana kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia mwaka 2015. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Kwa sayansi uamuzi una hoja zake, na wavuvi wengi wanakiri kwamba dagaa na migebuka wamepungua. Kwa halmashauri maana yake ilikuwa mialo iliyonyamaza robo ya mwaka: hakukuwa na ushuru wa samaki, na asilimia 10 ya mikopo ilipungua wakati ambapo wanawake waliokuwa wakianika walihitaji mtaji wa shughuli nyingine. Diwani atakayetaka kwenda wizarani kudai fidia, au kudai ruzuku ya kuziba pengo, ataulizwa Kibirizi ilikuwa inakusanya kiasi gani Mei, Juni na Julai katika miaka mitano iliyotangulia, kwa dagaa peke yake, kwa wavuvi wangapi na vipe vingapi. Jibu la swali hilo linatoka kwenye vitabu vya mwalo, na vinapaswa kuwa vimetunzwa tangu siku ya kwanza ya baraza, si tangu siku ya kuulizwa.